Kuacha au kuingilia: tamthilia nne za anga za mbali, na namna ya kuchagua ya kuanzia

Swali lenyewe ni la zamani kuliko televisheni. Mwenye nguvu anapomwona mnyonge akiumia, na mnyonge huyo ana nchi yake, mila zake na njia yake ya kuendesha mambo, je, aingilie kati au amwache? Tamthilia za bunilizi ya kisayansi zimelichukua swali hili na kulipeleka kwenye sayari za mbali, ambako tofauti ya nguvu ni kubwa kiasi kwamba kisingizio cha kushindwa hakipo tena. Nahodha wa chombo cha anga anaweza kutuliza volkano, kuponya tauni na kukomesha vita kwa siku moja. Akiacha, ameacha kwa kuamua.

Wengi wanaotaka kulitafakari swali hili kupitia televisheni hukwama mwanzoni kabisa, kwa sababu tamthilia zenyewe ni ndefu na kila shabiki huisifia yake. Mwalimu anayetafuta kipindi kimoja cha kuonyesha darasani, mzazi anayetaka kitu cha kutazama na watoto, au marafiki wanaokutana Jumamosi kwa mjadala, hawana nafasi ya kumaliza vipindi mia mbili ndipo waamue. Nimechukua nne ninazozifahamu vizuri, yaani Star Trek: The Next Generation, Doctor Who, Stargate SG-1 na The Orville, nikazipima kwa mizani moja. Ili kulinganisha nimelazimika kueleza yanayotokea, pamoja na miisho ya vipindi kadhaa, kwa hiyo asiyependa kujua mapema arukie sehemu ya mwisho.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni kanuni na mwenye kuiweka: tamthilia inasema nini hasa juu ya kuingilia, na nani aliyeitunga sheria hiyo. Cha pili ni gharama: kanuni ikifuatwa au ikivunjwa, nani anayelipa? Cha tatu ni sauti: je, wale wanaosaidiwa au kuachwa husikika wakisema lolote, au wanajadiliwa tu na watu walioketi juu yao? Cha nne ni matokeo, kwa maana ya kwamba tamthilia hurudi kutazama kilichoharibika au husonga mbele na kusahau. Mwisho wa kila sehemu nimeeleza inamfaa nani.

Kigezo cha tatu ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, na sikukigundua mwenyewe. Nilikuwa nikitazama Star Trek na mpwa wangu wa miaka 14, maofisa wakijadili kwa ufasaha mkubwa kama waiokoe sayari fulani au wasiiokoe. Akanigeukia akaniuliza, "Mjomba, mbona hakuna anayemuuliza yule mtoto wa huko chini?" Tangu siku hiyo siwezi kutazama vipindi hivi bila kumtafuta mtoto wa huko chini.

Star Trek: The Next Generation (1987–1994)

*Kanuni na mwenye kuiweka.* Amri Kuu ya Star Trek, yaani kanuni ya kutoingilia, ilitajwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika mfululizo wa awali, Marekani ikiwa imezama katika vita vya Vietnam. Kivuli cha vita hivyo kinaonekana wazi katika "A Private Little War" ya 1968, ambamo Nahodha Kirk anaamua kuwapa bunduki watu wa milimani kwa kuwa mahasimu wake wamekwisha kuwapa bunduki wanakijiji wa upande wa pili. Kufikia The Next Generation kanuni imekomaa: maofisa hawaruhusiwi kuvuruga maendeleo ya jamii nyingine, wala kujionyesha kwa jamii ambayo haijagundua yenyewe njia ya kusafiri kwa kasi kuliko mwanga. Nahodha Jean-Luc Picard, aliyeigizwa na Patrick Stewart, huitetea kwa hoja ya historia, kwamba kila mara binadamu alipoingilia jamii dhaifu, hata kwa nia njema, mwisho ulikuwa maafa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua hoja hii haraka. Hati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya mwaka 1963 iliweka kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine miongoni mwa misingi yake, na baadaye, katika Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, ibara ya 4(h) ilitoa haki ya kuingilia panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Lakini kuna tofauti kubwa isiyopaswa kutupita. Kanuni ya Afrika ilitungwa na nchi changa zilizotaka kujikinga na wakubwa. Amri Kuu imetungwa na mkubwa ili ajizuie mwenyewe, na kwa hiyo yeye ndiye anayeamua pia lini imetosha.

*Gharama.* Katika "Symbiosis" (1988) sayari moja imekuwa ikiiuzia jirani yake dawa ya tauni ambayo ilikwisha muda mrefu uliopita. Kilichobaki ni uraibu. Wauzaji wanajua, wanunuzi hawajui. Picard hawaambii ukweli, ila anakataa pia kuwapa vipuri vya kutengenezea vyombo vyao vya usafiri, hivyo biashara itakatika na waraibu watagundua wenyewe, baada ya mateso, kwamba hawakuwa wagonjwa. Ni uamuzi unaouma, na tamthilia haifichi uchungu wake. Kali zaidi ni "Homeward" (1994), ambapo angahewa ya sayari nzima inakufa huku maofisa wakisimama kutazama kwenye kioo kikubwa. Picard anazungumzia kuyaenzi maisha ambayo hawawezi kuyaokoa. Nikolai, ndugu wa kulea wa ofisa Worf, aliyekuwa akiishi na watu wale, anajibu kwamba haoni heshima yoyote katika jambo hilo, kisha anaokoa kijiji kimoja kwa siri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Nikolai pekee ndiye aliyekuwa amekilalia.

*Sauti.* Hapa ndipo utajiri wa tamthilia hii ulipo, na ndipo udhaifu wake unapoonekana pia. Katika "Pen Pals" (1989) mtoto aitwaye Sarjenka anatuma sauti angani kuuliza kama kuna mtu yeyote, na Data, ofisa ambaye ni mashine, anamjibu. Sayari yake inapasuka kwa matetemeko. Maofisa wanakusanyika chumbani kwa Picard: mmoja analeta hoja ya majaaliwa, mwingine anauliza kama wangefanya vivyo hivyo kwa tauni au kwa vita, na nahodha anaelekea kuamua kwamba mawasiliano yakatwe. Ndipo Data, akitekeleza amri ya kukata, anaifungulia sauti ya mtoto isikike chumbani. Mtoto anaogopa, anauliza kwa nini rafiki yake hajibu. Chumba kinanyamaza, na uamuzi unageuka. Hakuna hoja mpya iliyotolewa. Kilichobadilika ni kwamba mwenye kuhusika amesikika.

Kisha, baada ya kuokolewa, kumbukumbu ya Sarjenka inafutwa. Data anamwachia mkononi kijiwe kinachoimba, basi. Nimekitazama kipindi hiki mara nyingi na sijaacha kusononeka hapo, kwa sababu mtoto aliyepata sauti kwa dakika moja ananyang'anywa hata habari ya kwamba aliwahi kusikika.

"Who Watches the Watchers", ya mwaka huohuo, inajaribu njia ya pili. Wanakijiji wa Mintaka III wamemwona mmoja wao, Liko, akipotea na kurudi amepona jeraha la kifo, wakaanza kumwamini Picard kuwa mungu. Picard anamleta kiongozi wao, Nuria, ndani ya chombo, anamwonyesha dunia yake kutoka juu, kisha anampeleka kwenye kitanda cha mgonjwa ambaye madaktari wameshindwa kumwokoa, aone kifo kikimshinda huyo anayemdhania mungu. Nuria anaelewa. Liko, aliyefiwa na mke na anayetaka arudishiwe, haelewi mpaka mshale wake unapomtoboa Picard na damu kutoka. Hapo watu wa chini wanazungumza, wanabishana, wanakosea na kujirekebisha wenyewe.

*Matokeo.* Chombo huondoka. Wanunuzi wa dawa ya "Symbiosis" hatuwaoni tena katika tamthilia hii.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayependa hoja zikipangwa vizuri, watu wazima wakitofautiana kwa heshima, na kila kipindi kikisimama peke yake. Kati ya vipindi 178, vinne nilivyotaja vya The Next Generation vinatosha kwa mwezi mzima wa majadiliano.

Doctor Who (tangu 1963)

*Kanuni na mwenye kuiweka.* BBC ilianza kuirusha Novemba 1963. Katika tamthilia hii kanuni ni ya Mabwana wa Wakati, watu wenye uwezo wa kwenda popote katika historia ambao wameamua kutazama tu. Daktari, mhusika mkuu ambaye hubadilika sura na mwigizaji kila baada ya miaka michache, ni mmoja wao aliyewakimbia. Katika "The War Games" (1969) wanamkamata, wanamshtaki kwa kuingilia mambo ya wengine, naye hakani. Anajivunia kosa lake na kuwashutumu wao kwa kukaa kimya mbele ya uovu. Anahukumiwa uhamisho duniani. Star Trek inamfanya mtii wa kanuni kuwa shujaa, Doctor Who inamfanya shujaa yule aliyeivunja, na hiyo peke yake ni sababu ya kuzitazama zote mbili.

Hata hivyo Daktari ana mipaka yake. Katika Doctor Who ya kuanzia 2005 kuna matukio yaliyokwisha kukazwa katika wakati, ambayo hayaguswi. Mwenye kujua yapi yamekazwa ni Daktari peke yake, na msomaji makini ataona hatari ya kumwachia mtu mmoja mizani hiyo.

*Gharama.* "The Fires of Pompeii" (2008) inaliweka swali hili kwa namna ambayo sijaiona ikipitwa. Ni mwaka 79. Daktari anagundua kwamba ili dunia nzima ipone, volkano lazima ilipuke, na mkono wa kuilipua ni wake. Donna, mwenzake wa safari, aliyekuwa akimpigia kelele siku nzima awaokoe watu, anaelewa, kisha anaweka mikono yake juu ya mikono ya Daktari kwenye wenzo ili asibebe mzigo huo peke yake. Wanaposhuka mji umekuwa moto na majivu. Familia moja iliyowapokea imejikunyata ukutani. Daktari anakimbilia chombo chake aondoke, na Donna, akilia, anamsihi aokoe japo mmoja, si mji wote, mtu mmoja tu. Anarudi na kunyoosha mkono. Peter Capaldi, aliyeigiza baba wa familia ile, ndiye aliyekuja kuwa Daktari mwenyewe miaka mitano baadaye, na mwaka 2015 tamthilia ilieleza kwamba Daktari aliichukua sura ile ili imkumbushe kazi yake ni kuokoa watu.

*Sauti.* Kipindi cha kale ndicho chenye jibu la kushangaza. Katika "The Aztecs" (1964) Barbara, mwalimu wa historia kutoka London, anadhaniwa kuwa kuhani wa kale aliyefufuka, akaamua kutumia heshima hiyo kukomesha kafara za binadamu. Daktari anamwonya kwamba hawezi kuandika upya historia, hata mstari mmoja. Barbara anaamuru kafara isimamishwe. Mtu aliyekuwa auawe, badala ya kushukuru, anajiona ameporwa heshima yake, anajirusha na kufa, na mvua iliyosubiriwa inanyesha. Aliyeokolewa amesema, na alichosema sicho alichotarajia mwokozi wake. Sikubaliani na kafara za binadamu kwa lolote, wala tamthilia haituombi tukubali. Inatuonyesha kwamba kumwokoa mtu bila kujua anachokiamini ni kazi iliyofanywa nusu.

*Matokeo.* Kwa kawaida Daktari huondoka kabla vumbi halijatulia, na kwa miaka mingi hilo lilikuwa doa kubwa. Mwaka 2005 lilianza kushughulikiwa. Katika "The Long Game" anafunga kituo cha utangazaji kilichokuwa kikiwadhibiti wanadamu, anaondoka akiwa ameridhika, na katika "Bad Wolf" anarudi baada ya miaka 100 kukuta kwamba habari zilipokatika ghafla jamii ilidumaa, na watawala wabaya zaidi wakaingia palipoachwa wazi. "The Waters of Mars" (2009) inakwenda mbali zaidi: Daktari anawaokoa watu ambao anajua walipaswa kufa, anajitangaza mshindi juu ya wakati wenyewe, na mwanamke aliyemwokoa, Adelaide Brooke, anaukataa wokovu huo kwa kujiua nyumbani kwake. Kipindi hicho si cha watoto.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayesukumwa na huruma kuliko kanuni, na anayeweza kuvumilia kubadilika kwa Daktari kila baada ya miaka michache.

Stargate SG-1 (1997–2007)

*Kanuni na mwenye kuiweka.* Hakuna kanuni moja. Kikosi cha jeshi la anga la Marekani kinapita katika lango la kale na kukuta sayari nyingi zenye watu ambao asili yao ni dunia hii, waliohamishwa zamani na viumbe waliojifanya miungu na kuwafanya watumwa. Jambo hili linabadilisha hesabu nzima. Amri Kuu ya Star Trek hudhani kuna maendeleo ya asili ya kulindwa; hapa asili imekwisha kuvurugwa na mtu mwingine karne nyingi zilizopita, na kumwacha mtumwa kwa hoja ya kutoingilia ni sawa na kumlinda bwana wake.

Binadamu nao wako upande wa kuomba. Watolani, walioendelea kuliko sisi, wanakataa kutoa teknolojia yao, na "Enigma" (1998) inaeleza sababu: waliwahi kuwapa majirani zao chanzo cha nishati, majirani wakakigeuza silaha na kujiangamiza kwa siku moja. Ni nadra kwa tamthilia ya Marekani kuwaonyesha Wamarekani wakikataliwa kwa hoja ambayo wao wenyewe huwapa wengine.

*Gharama.* Katika "Full Circle" (2003) Daniel Jackson, mwanakikosi aliyekwisha kuwa kiumbe wa nuru miongoni mwa wenye uwezo usio na mipaka, anajaribu kuiokoa Abydos, nchi ya mke wake, na wenzake wanamzuia kwa sababu sheria yao hairuhusu. Abydos inaangamizwa. Sikuweza kuwasamehe viumbe wale, na nadhani waandishi hawakutaka niwasamehe.

*Sauti.* Hapa inazishinda nyingine kwa mbali katika jambo moja. Ukombozi wa Jaffa, askari watumwa wa miungu ya uongo, unaongozwa na Majaffa wenyewe, akina Teal'c na mwalimu wake Bra'tac, wenye lugha yao, hasira yao na tofauti zao za kisiasa zinazoendelea kwa misimu mingi. Wanapokosea, wanakosea kama watu huru.

*Matokeo.* "Icon" (2004) inaonyesha jinsi kufunguka tu kwa lango, bila risasi kupigwa, kunavyoamsha imani ya kale na kuitumbukiza sayari yenye nchi mbili mahasimu katika vita. Mwaka 2006, katika "Ethon", tamthilia inarudi palepale, na hali ni mbaya kuliko mwanzo.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayevutiwa na siasa, ukombozi na vita, na mwenye subira, maana vipindi ni 214 na mtiririko wake una faida ukifuatwa kwa utaratibu. Mtazamo wake ni wa kijeshi, na mtazamaji anapaswa kulikumbuka hilo.

The Orville (2017–2022)

*Kanuni na mwenye kuiweka.* Seth MacFarlane aliiunda kwa mapenzi ya wazi kwa The Next Generation, na kanuni yake inafanana sana na ile.

*Gharama na sauti.* Kipindi cha kutazama ni "Mad Idolatry" (2017). Kelly, ofisa wa pili kwa cheo, anamponya msichana mdogo aliyejikata, kwa sekunde chache, mbele ya watoto wenzake. Sayari ile hutoweka na kurudi kila baada ya siku 11, na huko kwao inakuwa imepita miaka 700. Inaporudi, Kelly ni mungu mwenye sanamu na makasisi, na watu wanaadhibiwa kwa jina lake. Anakwenda kwa kiongozi wa dini kumweleza ukweli. Kiongozi anakubali, na walio chini yake wanamuua ili ukweli huo usitoke. Gharama ya plasta moja imelipwa na vizazi.

*Matokeo.* Ndiyo kiini chenyewe cha kipindi, na jibu lake la mwisho ni la upole kuliko la Star Trek: wajukuu wa jamii ile, wakiwa wameendelea kupita chombo chenyewe, wanamwambia Kelly asijilaumu, kwa kuwa kama si yeye angekuwa mwingine. Hapo walioingiliwa ndio wanaotoa hukumu.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeanza, kwa kuwa vipindi vyote ni 36. Mzazi ajue kwamba msimu wa kwanza una mizaha ya watu wazima.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kama una saa moja tu na darasa la vijana, onyesha "Who Watches the Watchers". Kinaeleweka bila utangulizi, na kila upande una hoja. Kama darasa hilo limekwisha kusoma historia ya ukoloni, "The Aztecs" italeta ubishi mzito zaidi, ingawa ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ina sehemu nne na mwendo wake ni wa taratibu.

Kama kikundi chako kinataka kuzungumzia lini nchi moja ina haki ya kuingia nchi nyingine, anzeni na Stargate SG-1, kisha mtazame "A Private Little War" wiki inayofuata, ili suala la kuwapa wanyonge silaha lipimwe pande zote mbili.

Kama unafanya kazi ya misaada, ya afya au ya dini katika jamii isiyo yako, "Mad Idolatry" na "Bad Wolf" zitakugusa, kwa sababu zote mbili zinahusu kinachobaki baada ya mwenye nia njema kuondoka.

Kama umefiwa karibuni, "The Waters of Mars" na "Homeward" zisubiri.

Na kama utatazama na mtoto, chukua "Pen Pals". Kifikie kile chumba ambamo wakubwa wanajadili, usimamishe picha kabla sauti ya Sarjenka haijasikika, umuulize mtoto angefanya nini. Msikilize mpaka amalize, kisha ndipo mwendelee.